Mdoli wa Kiganjani na Bei Yake

Mdoli wa sentimita 11, asiye na nguo wala nywele, huuzwa Korea ya Kusini kwa dola 150 hivi, na mara nyingi zaidi ya hapo. Akipakwa rangi usoni, akatiwa macho, akavishwa wigi na kusafirishwa, mnunuzi ameshaziaga dola 200 au zaidi. Kwa fedha ya Tanzania ni kama nusu milioni. Kisha kifurushi kinafika, kinafunguliwa, na ndani yake kuna kiumbe anayelala kwenye kiganja, miguu ikining'inia kidogo tu. Si ajabu mtu akajiona ameibiwa.

Swali la bei basi ni la haki, na nimewasikia mashabiki wake wakilijibu vibaya, kwa kusema kwamba mapenzi hayana bei. Yana bei, tena inalipwa kwa dola. Mimi naona lipo jibu lililo bora zaidi, na limo ndani ya goti la mdoli mwenyewe.

Kwanza tuelewane ni mdoli gani. Simzungumzii yule wa plastiki laini wa dukani, ambaye mkono unazunguka begani na mambo yake yameishia hapo. Huyu ana kiungo kila mahali ambapo mwili wa binadamu una kiungo: shingo, bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti, kifundo cha mguu, na pengine kiuno. Kila kiungo ni gololi iliyokaa kwenye kikombe chake. Mwili ni mtupu kwa ndani, na katika utupu huo imepitishwa lastiki iliyovutwa, inayovikaza vipande vyote visiachane. Hana skrubu wala gundi. Ukimkunja goti anabaki amekunja, maana lastiki inaikandamiza gololi kwenye kikombe na msuguano unamalizia kazi. Ikate lastiki, na juu ya meza utabaki na vipande kumi na tano au zaidi, kikiwemo kifuniko cha utosi.

Malighafi yake ni rezini ya polyurethane, vimiminika viwili vinavyochanganywa vikaganda kuwa kitu kigumu, kizito kuliko plastiki ya kawaida, chenye ubaridi fulani mkononi. Ya mdoli mzima wa sentimita 11 inatosha kwenye vijiko vichache vya kulia. Kwa hiyo anayepima bei kwa malighafi hatafika popote. Kila fundi cherehani analijua gomvi hili. Mama analeta kitambaa cha gauni la mwanawe wa miaka miwili, anatajiwa bei inayokaribia ya gauni lake mwenyewe, anakuja juu: mbona kitambaa chenyewe nusu mita! Fundi humwonyesha kola, mikono, zipu na upindo. Vyote vipo, ila sasa vimebanana.

Kwa mdoli hali ni ngumu kuliko hivyo, kwa sababu mdoli akipunguzwa, kosa halipungui naye. Chukua mdoli mkubwa wa sentimita 60. Gololi ya goti lake inaweza kuwa na kipenyo cha sentimita 3. Msasa ukipita kupita kiasi ukala theluthi moja ya milimita, umeondoa asilimia moja tu, na hakuna atakayejua. Goti la mdoli wa kiganjani lina milimita 5 au 6. Theluthi ileile ya milimita ikiliwa hapo, gololi inacheza ndani ya kikombe, mguu unayumba, mdoli hasimami. Mkono wa fundi ni uleule, msasa uleule, jicho lilelile. Nafasi ya kukosea ndiyo iliyonyimwa.

Ufundi wenyewe si wa jana, wala haukuanzia kwenye vitu vikubwa. Mwezi Mei 1889, watu waliokuwa wakichimba msingi wa jumba la mahakama mjini Roma walifukua jeneza la mawe la msichana aitwaye Crepereia Tryphaena, aliyezikwa karne ya 2. Pamoja naye alikuwamo mwanasesere wa pembe ya ndovu, wa takriban sentimita 23, anayekunjika mabega, viwiko, nyonga na magoti. Viungo vyake havikuwa vya gololi. Gololi tunazikuta Ujerumani katika karne ya 16, zama za mchoraji Dürer, kwenye sanamu za mbao za kimo cha kama sentimita 20, zilizounganishwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama zilizopita kwa ndani. Sanamu za namna hiyo ndizo alizoziona msanii Hans Bellmer katika makumbusho ya Kaiser Friedrich mjini Berlin, katika miaka ya 1930, zikamfanya aanze upya na kuunda mwanasesere wake wa pili, mwenye gololi kubwa mahali pa tumbo. Picha za Bellmer za wanasesere wake si za kuwaonyesha watoto, na hata watu wazima wengi huzipita haraka. Lakini mwaka 1965 picha hizo zilimwangukia mikononi msanii wa Kijapani, Yotsuya Simon, naye akaanza kutengeneza wanasesere wa viungo. Kwa mkono wake na wa waliomfuata, gololi ikawa sanaa ya Japani.

Biashara ilikuja baadaye. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto, iliyokuwa ikijulikana kwa vifaa vya watu wanaounda sanamu za mfano, ilitoa wanasesere wa rezini wa karibu sentimita 60 iliowaita Super Dollfie. Wakorea waliingia sokoni miaka michache tu baadaye, na huko ndiko kimo kilikoshuka kwa kasi. Lati White wa kampuni ya Latidoll na PukiPuki wa kampuni ya Fairyland wote wanakaribia sentimita 11. Wapo mafundi binafsi walioshuka zaidi, hadi sentimita 5, ingawa hapo mimi huanza kuona ubishi wa fundi kuliko mdoli.

Tuje kwenye utengenezaji. Njia ya zamani ni udongo wa unga wa mawe unaokauka wenyewe, fundi akiukanda juu ya kiini cha povu gumu kinachotolewa baadaye ili mwili ubaki mtupu. Njia ya sasa, hasa kwa wadogo hawa, ni kuchonga kwenye kompyuta na kuchapa kwa mashine. Wapo wanaoidharau njia hii wakidhani mashine imefanya kazi yote. Mashine inachapa kwa tabaka zenye unene wa sehemu ya kumi au ya ishirini ya milimita, na kila tabaka huacha mstari. Kwenye shavu la mdoli mkubwa mistari hiyo husafishwa kwa msasa bila hofu. Kwenye shavu lenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, msasa unaoondoa mstari unaweza kuondoka na tabasamu. Kwa hiyo fundi anasugua kidogo, anapuliza rangi ya kijivu ili makosa yaonekane, anasugua tena, na anapofika kwenye pembe za midomo anaacha karatasi ya msasa na kuchukua kijiti alichokigandishia kipande chake.

Sura ya asili ikishakuwa safi, hutengenezewa kalibu ya silikoni, nusu mbili zinazofumbata kila kipande. Rezini ikimiminwa, fundi ana dakika chache tu kabla haijaanza kuganda, na katika dakika hizo adui ni hewa. Kiputo kidogo kabisa kwenye paja la mdoli mkubwa ni kishimo cha kuzibwa. Kwa mdoli ambaye kidole chake kina unene wa milimita moja, kiputo hichohicho ni kidole kilichokosekana. Ndiyo maana silikoni hutolewa hewa kwenye chombo cha ombwe, na rezini hugandishwa ndani ya mtungi wa presha unaovibana viputo hadi visionekane. Kalibu nazo hazidumu. Rezini inaila silikoni polepole, na baada ya kumimina mara makumi machache kingo huanza kulegea, vidole kushikana, mishono kunenepa. Kiwanda chenye heshima yake huitupa hapo na kutengeneza nyingine. Kiwanda chenye tamaa huongeza mara kumi, na mnunuzi ndiye anayekuja kuona mshono mnene umeshuka kwenye ubavu wa mdoli wake.

Sasa goti. Nilipewa moja nilitazame kwa kioo cha kukuzia, mguu ukiwa umeshafunguliwa, na hapo ndipo niliposhika adabu. Upande wa nyuma wa kikombe cha paja pamekatwa mfereji, mwembamba, wa kupitishia lastiki goti linapokunjwa. Mfereji huo ukiwa mfupi, goti linakwama kabla mdoli hajakaa vizuri. Ukiwa mrefu, ukingo wa kikombe unabaki hauna nguvu na unapasuka. Ndani kabisa, mwisho wa mfereji, fundi ameacha kidato, mahali ambapo lastiki inateleza na kutulia. Mdoli akifikishwa pembe ya kukaa, kiungo kinajishika kwa sauti ndogo ambayo kidole kinaisikia kabla ya sikio. Ukuta wa rezini hapo hauzidi milimita moja. Ndani ya milimita chache fundi amepanga gololi, kikombe, mfereji, kidato, na bado kwa nje goti linaonekana goti, lenye kinofu juu na vishimo viwili vya kitoto pembeni. Wengine huweka goti la gololi mbili, kipande cha kati chenye umbo la karanga, ili mguu ukunjike hadi kisigino kiguse paja. Kwa mdoli mkubwa hilo siku hizi ni jambo la kawaida. Kwa mdogo ni ujasiri, maana kila nyongeza inaiba unene wa ukuta.

Goti hilo ni la mdoli wa rafiki yangu, mwanamke wa Unguja anayeishi Uingereza, ambaye mchana ni mhasibu na usiku huwafunga upya wanasesere waliolegea. Lastiki huchoka baada ya miaka michache. Mdoli anakuwa mtepetevu, kichwa kinaning'inia. Kazi ya kumkaza huanza kwa kukata uzi mpya, ambao kwa mdoli wa kimo hiki una unene wa milimita moja au moja na nusu. Kitanzi kimoja kinatoka kichwani, kinapita shingoni na kifuani, kinagawanyika miguu miwili hadi kwenye kulabu za nyayo. Kingine kinavuka kifua kutoka kiganja hadi kiganja. Yeye hutumia waya aliouchonga ncha ya kulabu, na koleo jembamba la madaktari. Anaupenyeza waya kutokea kwenye nyayo, anakinasa kitanzi asichokiona, anakivuta kijitokeze, halafu anachomeka penseli ndani yake ili kisirudi ndani wakati anashughulikia mguu wa pili.

“Shoga, shika hapo, usiachie,” aliniambia. “Ukiachia, mguu tutautafuta jikoni.”

Niliuliza kwa nini asiikaze lastiki sana tu, mdoli asimame imara. Akamfunga mmoja kwa kukaza kupita kiasi, makusudi, akanipa. Nilimkunja kiwiko; kikarudi kunyooka kwa kishindo na kunichapa kidole. “Huyo anapiga mateke,” akasema, kisha akamfungua tena. Dawa ni kukaza kwa kiasi, na kubandika ndani ya kikombe ngozi laini iliyochunwa ikawa nyembamba, au kupaka utando mwembamba wa gundi ya moto, ili gololi ipate kitu cha kukikwarua. Kwa mdoli mkubwa ngozi ya kawaida inafaa. Kwa huyu, unene wa ngozi hiyo peke yake ungelisukuma goti nje ya kikombe. Mdoli aliyesanifiwa vizuri haihitaji kabisa. Na nilianza kuelewa kwamba sehemu ya zile dola 200 inalipia ngozi isiyowekwa.

Uso una habari yake. Rezini huja tupu, rangi moja toka kisogoni hadi kidevuni, na wengi hununua hivyo kwa makusudi ili wapake wenyewe au wampe fundi wa nyuso. Kwanza hupulizwa vanishi isiyong'aa, ili uso upate ukwaru wa kushika rangi. Kisha unga wa chaki laini hupakwa kwa burashi, tabaka baada ya tabaka, vanishi ikipulizwa katikati, mpaka wekundu wa shavu uonekane umetoka chini ya ngozi. Nyusi huchorwa unywele mmoja mmoja. Kwenye uso wenye upana wa sentimita 3, unyusi mzima una urefu wa milimita 5 au 6, na ndani yake fundi anaingiza michirizi kumi au zaidi, kila mmoja ukianza mnene na kuishia kwenye hewa. Hapingani na burashi tu. Anapingana na mapigo ya moyo wake, na nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba wanachora katikati ya pumzi, wakiwa wametoa hewa na hawajavuta nyingine. Unyevu wa hewa ukiwa mkubwa siku hiyo, vanishi inakuwa na ukungu mweupe na kazi yote inafutwa kwa kemikali, inaanza upya.

Kwenye nguo sitakawia, ila niseme jambo moja: kitambaa hakikubali kupunguzwa unene. Pindo lililokunjwa mara mbili kwenye gauni la mdoli wa kiganjani linasimama kama limetiwa wanga. Washonaji wazuri hutafuta melimeli au hariri nyepesi, wanaacha kukunja, wanaziba kingo kwa gundi ya kuzuia uzi usifumuke, na vifungo vyao vya milimita 3 vinashonwa kwa kibano.

Basi bei. Tuseme fundi anayefanya kazi peke yake ametumia miezi minne kumchonga mdoli mmoja, na kalibu zake zikampa wadoli 30 wa kuuzika. Akiwauza dola 200 kila mmoja anapata dola 6,000. Toa silikoni, rezini, rangi, lastiki, na wale walioharibika. Toa siku za kusugua mishono ya wadoli 30 wenye vipande kumi na tano kila mmoja, ambavyo ni vipande 450, vingine vidogo kuliko punje ya mahindi. Kinachobaki hakimtajirishi mtu. Mafundi wa kaure wako pabaya zaidi, kwa sababu udongo wao hunywea tanuruni, hata kwa zaidi ya asilimia kumi, na gololi na kikombe vinapaswa kunywea sawa au kazi yote ni vigae. Marina Bychkova wa Vancouver, anayetengeneza wanasesere wa kaure wa viungo, huuza kwa maelfu ya dola, na sijawahi kuiona bei hiyo kuwa kiburi.

Watu kulipia udogo si jambo la leo. Petronella Oortman wa Amsterdam, mwishoni mwa karne ya 17, aliagiza nyumba ya wanasesere ambayo sasa iko Rijksmuseum; inakadiriwa kwamba ilimgharimu kiasi cha kununulia nyumba ya kweli kando ya mfereji. Alikuwa mke wa mfanyabiashara na alijua kuhesabu.

Hata hivyo si kila dola inayoombwa imefanyiwa kazi. Ipo bei ya uchache, pale kampuni inapotangaza kwamba sura fulani itauzwa kwa wiki mbili tu, na bei ikapanda bila goti kuongezewa chochote. Ipo bei ya sanduku zuri na cheti chenye muhuri. Ipo bei ya soko la mitumba, ambako mdoli aliyeacha kutengenezwa huuzwa mara mbili au tatu ya bei yake ya kwanza hata kama rezini imeanza kuwa ya manjano, na rezini ya aina hii hugeuka manjano kwa mwanga wa jua, mwenye mdoli atake asitake. Hizo sizitetei.

Nakala nazo sizitetei, kwa sababu isiyo ya kisheria. Mnakili huchukua mdoli aliyekamilika na kumtengenezea kalibu. Rezini hunywea kidogo inapoganda, kwa hiyo nakala ni ndogo kidogo kuliko asili, na gololi iliyonywea haikai sawasawa kwenye kikombe kilichosuguliwa na mtu mwingine kwa haraka. Kwa mdoli wa sentimita 60 unaweza kuishi na hilo. Kwa wa kiganjani, umenunua kwa dola 50 kila kitu isipokuwa kile kilichomfanya awe ghali.

Anayetaka kununua na ana shaka, asiangalie uso kwenye picha za muuzaji. Uso ni rangi, na rangi hufutika. Aombe picha ya mdoli akiwa uchi, ameketi bila kuegemea kitu, iliyopigwa kutoka ubavuni. Nyingine akiwa amesimama kwa mguu mmoja mbele. Na nyingine ya karibu ya vidole na ya mshono unaopita kwenye paja. Muuzaji mwenye mdoli wa kweli hutuma zote siku hiyohiyo, na mara nyingi huongeza ambazo hukuomba. Anayerudi na picha ya tano ya macho na kope, abaki na mdoli wake.